Kulinda wimbi lenu: mfuate Peru, California, Cornwall, au muombe cheo cha hifadhi?

Ufukwe niliokulia ulikuwa na wimbi moja zuri, linalovunjikia upande wa kushoto, lililokuwa likiamka maji yakijaa wakati wa kusi. Tulilipanda kwa vipande vya mbao za mitumbwi iliyochakaa, tumelala kifudifudi, kidevu kimegusa ubao. Kisha hoteli moja ikajenga ukuta wa mawe hadi pale maji yanapofika siku za bamvua. Misimu miwili baadaye mchanga ulikuwa umekwenda, mwamba umebaki mtupu, na kila wimbi lililoingia lilipiga ukuta, likarudi, likakutana na mwenzake njiani na yote mawili yakafa. Watu wazima walisikitika. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyejua abishe mlango gani.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia wateleza mawimbi wa nchi nyingine, masefa kama vijana wanavyowaita, jinsi wanavyopigania fukwe zao. Wengi huwaona kama watu wa starehe. Mimi naona watu wanaokaa majini kila asubuhi, na kwa hiyo ndio wa kwanza kuhisi maji yamebadilika harufu au mchanga umehama. Wamejaribu njia kadhaa tofauti, na njia hizo hazifanani hata kidogo kwa gharama, kwa muda, wala kwa kile zinachoweza kukinga. Kama wewe na wenzako mna ufukwe mnaoupenda na nguvu za kuanza jambo moja tu, inafaa kujua mnachagua nini.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja la kimaumbile. Wimbi huvunjika pale kina cha maji kinapokaribia kimo cha wimbi lenyewe. Wimbi la mita mbili huanza kuvunjika kwenye maji ya takriban mita mbili na nusu. Hivyo umbo la wimbi hufuata umbo la sakafu ya bahari iliyo chini yake. Ukimwaga kifusi, ukichimba mchanga, ukijenga gati linalozuia mchanga usisafiri, umebadilisha sakafu, na wimbi linabadilika hata kama hukuligusa. Wanaotetea mawimbi wanatetea sakafu, mito inayoleta mchanga, na usafi wa maji yanayopita juu yake.

Peru: wimbi lenye hati

Peru walipata pigo kwanza. Miaka ya 1980, pale La Herradura, Chorrillos, jijini Lima, jabali lilichongwa ili kupitisha barabara. Mawe yaliporomokea majini, ufukwe ukapoteza mchanga wake, na wimbi lililokuwa fahari ya jiji likaharibika. Uchungu huo haukusahauliwa. Mwaka 2000 nchi hiyo ikapitisha Sheria Namba 27280, ya kwanza duniani kulinda mawimbi yenyewe. Inasema kwamba sehemu za bahari ambapo mawimbi huvunjika vizuri kwa mchezo ni mali ya Taifa, hazihamishiki kwa mtu, na dhamana ya kuzitunza iko mikononi mwa Jeshi la Wanamaji.

Hapo ndipo wengi wanaoisifu Peru huishia. Lakini kanuni za kuitekeleza sheria hiyo hazikutoka hadi 2013. Miaka 13 sheria ilikuwa karatasi. Mtu akikwambia "tupate sheria kwanza, mengine yatafuata", mkumbushe miaka hiyo.

Baada ya kanuni kutoka, kazi halisi ikaanza, na ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote. Kila wimbi linaandikishwa kwenye daftari la kitaifa, karibu sawa na mtu anavyoandikisha kiwanja. Faili lake lazima lionyeshe mipaka kwa vipimo vya ramani, umbo la sakafu ya bahari, na safari ya wimbi kutoka pale linapoanza kuinuka hadi linapoishia. Kupima sakafu kunataka boti, chombo cha kupimia na mtaalamu anayelipwa, na vikundi vya fukwe havina fedha hizo. Ndipo ikaja kampeni ya HAZla por tu Ola, maana yake ni kama kusema "fanya jambo kwa ajili ya wimbi lako", ikishikwa na wanasheria wa mazingira wa Sociedad Peruana de Derecho Ambiental. Walichangisha umma, faili baada ya faili. Leo mawimbi zaidi ya 30 yamo kwenye daftari, likiwemo Chicama, linalohesabiwa miongoni mwa mawimbi marefu kuliko yote duniani.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unapigana siku ambayo adui hajaja. Anayekuja na mchoro wa gati anakuta jina limekwisha kuandikwa. Hakuna haja ya kukusanya watu usiku wa manane wala kumtafuta mwandishi wa habari. Udhaifu wake ni kwamba hati inalinda eneo lililochorwa. Bomba la maji taka lililo kilomita mbili kutoka hapo haliguswi na daftari hilo, wala bandari ya mbali inayozuia mchanga usifike.

New Zealand ilichukua njia ya jirani na hii. Sera yake ya pwani ya mwaka 2010, kipengele cha 16, imeorodhesha mawimbi 17 yenye umuhimu wa kitaifa, Manu Bay ya Raglan ikiwemo, na mamlaka za mipango zinatakiwa kuhakikisha shughuli nyingine haziyaharibu. Ni orodha fupi na nzuri, ila inafaa kwa nchi ambayo ofisi zake za mipango miji zinafanya kazi kweli. Kwa mahali ambapo kibali kinaweza kutoka kabla mpango haujasomwa, naona daftari lenye mipaka ya ramani lina nguvu zaidi.

California: umati wenye mlango wa kuingilia

Kusini mwa California, ndani ya hifadhi ya San Onofre, kuna mawimbi yanayoitwa Trestles. Shirika la umma la barabara za kulipia lilitaka kupitisha barabara ya takriban kilomita 26 ambayo sehemu yake ingekatiza hifadhi hiyo, kando ya kijito cha San Mateo. Kijito hicho ndicho hushusha mchanga na mawe ya mviringo yanayotandika sakafu ya Trestles. Surfrider Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1984 na wateleza mawimbi wa Malibu, ikaungana na vyama vingine vya mazingira na kampeni ikaendelea kwa miaka.

Tarehe 6 Februari 2008 Kamisheni ya Pwani ya California ilikaa kusikiliza shauri hilo kwenye viwanja vya maonyesho vya Del Mar. Walikuja watu zaidi ya 3,000. Kamisheni ikaikataa barabara kwa kura 8 dhidi ya 2. Desemba mwaka huohuo serikali ya shirikisho ikatupilia mbali rufaa ya wenye mradi, na mwaka 2016 yakafikiwa mapatano ya kuiacha njia ile.

Watu husimulia habari hii kama ushindi wa umati. Umati ulikuwa wa lazima, sikatai. Lakini angalia ulikokwenda. Ulikwenda mbele ya chombo ambacho sheria ya pwani ya mwaka 1976 imekipa mamlaka ya kusema hapana, na ambacho lazima kisikilize umma kabla hakijapiga kura. Watu 3,000 wakisimama ufukweni mbele ya greda na mabango ni picha nzuri ya gazeti. Watu haohao wakiwa ndani ya ukumbi ambamo kura inapigwa wanaweza kuisimamisha barabara.

Jambo la pili ambalo husahaulika: wimbi halikusimama peke yake. Bonde lile lilikuwa na wanyama walio hatarini kutoweka, akiwemo panya mdogo wa mchangani na chura wa kijito, na eneo la kupiga kambi linalotumiwa na familia zisizo na uwezo wa kulala hotelini karibu na bahari. Hoja hizo zote ziliwekwa mezani pamoja. Wateleza mawimbi walikuwa na busara ya kumbeba chura pamoja na wimbi lao.

Gharama yake? Miaka mingi ya vikao, wataalamu, safari, na watu wanaojitolea hadi wanachoka. Na inakulazimu uwe na umati kweli. Kijiji chenye vijana 20 wenye mbao hakiwezi kuiga hili kikiwa peke yake.

Cornwall: kuliko kusema maji ni machafu, pima

Mwaka 1990, kwenye vijiji vya St Agnes na Porthtowan, pwani ya kaskazini ya Cornwall huko Uingereza, wateleza mawimbi walichoka kuugua masikio, koo na tumbo. Maji taka yalikuwa yakimwagwa baharini bila kusafishwa. Wakaanzisha Surfers Against Sewage, wakavaa suti zao za mpira na vinyago vya gesi, wakabeba mbao zao hadi London. Picha zile zilifanya kazi. Katika miaka iliyofuata fedha nyingi ziliingia kwenye mitambo ya kusafisha maji taka ya pwani hiyo.

Nawapenda watu hawa kwa ujasiri wao, na kwa sababu hiyohiyo inaniuma kuona walipo leo. Mwaka 2023 mamlaka ya mazingira ya England ilirekodi mara 464,056 ambazo mifereji ya dharura ilimwaga maji taka kwenye mito na bahari. Zaidi ya miaka 30 baada ya kikao cha kwanza, bado wanapigana na adui yuleyule. Mnaochagua njia hii mjue mnaoa kazi isiyo na talaka. Ukuta ukizuiwa umezuiwa, lakini maji taka hurudi kila mvua inaponyesha na kila mji unapokua.

Ila ndiyo njia ambayo kikundi kidogo kinaweza kuianza wiki ijayo. Surfrider wana mpango wa kupima maji unaofanywa na watu wa kujitolea, na mwendo wake ni huu. Unaingia majini hadi kufikia magotini, unazamisha chupa safi mdomo ukielekea wimbi linakotoka, unaifunga, unaiweka kwenye barafu. Mezani unachanganya mililita 10 za maji ya bahari na 90 za maji safi ya maabara, unatia unga maalumu, unatikisa hadi uyeyuke. Unamimina kwenye trei ya plastiki yenye vishimo vingi vidogo, unaifunga kwa mashine, unaiweka kwenye kasha la joto la nyuzi 41 kwa saa 24. Kesho yake unazima taa ya chumba na kuwasha taa ya urujuanimno. Vishimo vyenye bakteria wa kinyesi vinang'aa buluu. Unavihesabu, jedwali linakupa idadi. California imekuwa ikitumia kikomo cha bakteria 104 kwa kila mililita 100 za maji ya bahari. Ukizidi hapo, watu waonywe wasioge.

Fikiria mtoto wa darasa la saba akivihesabu vishimo hivyo gizani, na kuona kwamba kule anakoogelea kila Jumamosi kunang'aa trei nzima. Baada ya hapo hahitaji kuhubiriwa. Na daktari wa wilaya akiletewa namba za Jumatatu hamsini mfululizo, hawezi kuzijibu kwa "tutalifanyia kazi".

Cheo cha hifadhi ya mawimbi

Save The Waves Coalition ilizaliwa mwaka 2003, kutokana na kilio cha wimbi la Jardim do Mar, kisiwani Madeira, lililoharibiwa na ukuta wa pwani. Mwaka 2009 ilianzisha mpango wa World Surfing Reserves: ufukwe unaochaguliwa unapewa cheo, kamati ya wenyeji na mpango wa kuutunza. Malibu iliwekwa wakfu ya kwanza mwaka 2010, ikafuata Ericeira ya Ureno mwaka 2011, kisha nyingine.

Cheo hiki hakina nguvu ya sheria. Kinaleta heshima, wageni, kamera, na kamati ambayo bila cheo huenda isingeundwa. Hayo ni mambo ya maana. Lakini tazama Huanchaco, kaskazini mwa Peru, iliyopata cheo hicho mwaka 2013. Pale wavuvi bado hutumia caballito de totora, chombo chembamba cha matete yaliyofungwa mafungu, kilichopinda pua kama mkono wa kinda la mnazi. Mvuvi hukaa juu yake kama aliyepanda punda, akitoka kuvua huchagua wimbi na kurudi nalo hadi mchangani. Ni watu walioteleza mawimbini kabla ya neno hilo kuwa mchezo. Sasa ukuta wa bandari ya Salaverry, ulio kusini mwao, umezuia mchanga unaosafiri kuelekea kaskazini. Ufukwe wa Huanchaco umeliwa, na bahari inakaribia mabwawa wanamopanda matete yenyewe. Cheo hakikuweza kuusogeza ukuta ule hata jiwe moja.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba cheo kiombwe mwisho, kazi nyingine ikiwa imeshika. Mkianza nacho, mtapata sherehe na bango, na mwekezaji atapiga picha mbele ya bango hilo huku akisubiri kibali chake.

Sasa uchague lipi

Ningeanza kwa kuuliza: kitu kinachotishia ufukwe wenu ni zege au ni uchafu? Kama ni uchafu, usipoteze muda na hati za mawimbi. Nunua chupa, anza kupima, weka namba hadharani. Kama ni zege, uliza tena: mradi umekwisha kutangazwa, au bado? Ukiwa umetangazwa, huna muda wa kutunga sheria. Nenda California, yaani tafuta ni kikao gani na ni mahakama gani yenye mamlaka ya kusimamisha, na mpeleke watu huko. Ukiwa haujatangazwa, una bahati kubwa ambayo sisi hatukuwa nayo. Fanya alichofanya mtu wa Peru: pima, chora, andikisha.

Na milango ya kubisha kwetu ipo kuliko watu wanavyodhani. Tanzania Bara, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Utepe wa kupimia mita 60 unauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kenya, Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), linalosikiliza rufaa za leseni, lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapakuwa na wateleza mawimbi katika kesi ile. Walikuwa wavuvi na wakazi. Lakini mlango ni uleule, na uko wazi kwa yeyote anayekaa pwani.

Afrika Kusini imeonyesha jinsi makundi hayo mawili yanavyoweza kwenda pamoja. Desemba 2021, kampuni ya Shell ilipotaka kupima mafuta kwa milipuko ya sauti chini ya bahari ya Wild Coast, wateleza mawimbi walijaa fukweni kupinga. Waliokwenda mahakamani Makhanda, hata hivyo, walikuwa jamii za pwani na wavuvi wadogo, wakieleza kwamba bahari ile ndiyo riziki yao na ndipo walipo wazee wao waliotangulia. Mahakama ilisimamisha upimaji mwezi huohuo, na Septemba 2022 ikasema haki ya utafutaji ilitolewa kinyume cha sheria. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba haki hiyo haikutolewa kihalali, ingawa ilisitisha utekelezaji wa amri ili maombi ya kuihuisha yasikilizwe. Vita haijaisha. Lakini mpangilio wake ni wa kuigwa: aliye na mbao alipiga kelele, aliye na nyavu alisimama kizimbani kwa madai.

Hili nalisema kwa sauti kwa vijana wanaoanza vikundi vya mawimbi Dar, Diani au Zanzibar. Msianze bila BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wenyeji cha kusimamia ufukwe na uvuvi, na bila wavuvi. Mkisema "tunatetea mchezo wetu", mtaambiwa mchezo unaweza kuhamia ufukwe mwingine. Mkisema "hapa ndipo kasa hutaga, ndipo akina mama hukusanya chaza maji yakipwa, ndipo ngalawa hutia nanga, na sisi tunateleza hapo", hakuna ufukwe mwingine wa kuhamishia hayo yote.

Mimi na wenzangu tumekwisha kuchagua. Kuna ghuba, kusini kidogo ya ule ufukwe wa utotoni, ambayo bado haina ukuta, na wimbi lake huvunjikia upande wa kulia. Mzee mmoja mvuvi ametuazima bildi yake, kamba iliyofungwa risasi na vifundo kila pima moja. Bamvua ijayo tutatoka na ngalawa maji yakiwa yamejaa kabisa, tutapima kina kila hatua kumi kutoka mwambani hadi ufukweni, mmoja akishika kamba, mmoja simu yenye ramani, mmoja daftari. Kisha tutakwenda nayo ofisi ya kijiji, tuombe iwekwe kwenye faili, na tugongewe muhuri wa tarehe.